Akamwani ya Mama Mdogo

Harufu ya kahawa ikichemshwa na majani ya kunukia, kwetu Nyabiyonza, ingeweza kumfufua marehemu akaomba kikombe. Ila haikuwa ya kikombe. Ilikuwa akamwani, kahawa ya kukausha na kutafuna, ambayo mwenye nyumba humpa mgeni kabla hata ya kumwuliza habari. Msimu ule Bibi alikausha ya kulisha wilaya nzima, maana Mama Mdogo Adventina alikuwa anamfuata mumewe Marekani, na sote tulijua kwamba afisa mmoja tu akikunja uso mlangoni mwa nchi ile, atarudishwa. Hata mbuzi walikula kimya.

"Mama, wataniambia ni dawa za kulevya!" Mama Mdogo alilalamika.

"Waitu, mwanangu, beba! Ukifika usisubiri kupewa. Toa wewe. Anayetoa kahawa ndiye mwenyeji."

Akaondoka na kifurushi cha jani la mgomba, akiahidi kupiga simu akifika. Simu haikulia. Mtandao ulishika juu ya kichuguu tu, nyuma ya migomba, basi Bibi akahamia pale, akiilalia simu kama kuku mayai, nasi tumemzunguka. Subira huvuta heri, wanasema. Yetu ilivuta mbu.

Ilipolia, nusura tumwangushe Bibi.

"Walikifungua kifurushi, Mama," Mama Mdogo akasema. "Afisa akauliza, nini hiki? Kiingereza chote kikanitoka. Nikampa kwa mikono miwili: karibu!"

Bibi akashika kifua. "Akala?"

"Akaitupa, ndiyo sheria yao. Lakini alicheka hadi machozi. Akasema bibi yake alitoka Meksiko na mbegu za pilipili ndani ya nywele, na leo mtaa wao mzima hauli bila pilipili ile. Akanigongea muhuri."

"Yaani umemkaribisha kwao!" Bibi akapiga kigelegele ambacho, naapa, kilisikika hadi kule Kihanga.

Utotoni nilidhani Marekani ni nyumba iliyokwisha kujengwa, wewe unaingia na kuketi pembeni. Kumbe kila anayeingia huongeza jiko lake. Juzi, kwenye simu ya video, nilimwona jirani wa Mama Mdogo, mama wa Kivietnamu, akiingia na bakuli la supu. Kabla hajaketi, binamu yangu, aliyezaliwa hukohuko na anayebahatisha Kinyambo, lugha yetu, akamnyooshea kisahani cha akamwani kwa mikono miwili. Nami hapa Nyabiyonza nilikuwa na wageni sebuleni, wanakunywa soda. Nikaweka simu chini, nikaenda shambani kuchuma kahawa.