Udongo Mbichi wa Visikini

Udongo mwekundu ukikanyagwa kwa miguu pamoja na maji na nyasi zilizokatwakatwa, hutoa harufu ambayo sijaipata mahali pengine popote. Hapa Doonside, mtaa wa Sydney huko Australia, mvua ikinyesha mimi hufungua dirisha niitafute, nikaambulia harufu ya lami. Ile ni harufu ya Visikini, mji wetu sisi Warundi kule magharibi mwa Tanzania, nilikozaliwa. Wazazi wetu, waliokimbia vita Burundi, walishushwa katikati ya msitu wakiwa na mapanga na masufuria, wakaufyeka kwa mikono yao. Visiki vikubwa viliwashinda, wakajenga nyumba kati yake, na mji ukapata jina. Kisiki cha kwetu kilikuwa uani, tulikikalia tukimenya mihogo. Baadaye tukawa na soko, kanisa, kinyozi, na fundi redio aliyetembea kama waziri. Wapo wanaosema ilikuwa kambi tu. Waseme. Mimi mji naujua.

Kiangazi kimoja, nikiwa bado mdogo, likaja tangazo la serikali: Visikini inafungwa, nyumba zote zitabomolewa. Watu wakaanza kung'oa milango wakauze. Mama yeye akachukua jembe, akachimba udongo, akaanza kukandika upya ukuta wa mbele. Jirani yetu, Mama Chantal, alicheka hadi akashika kiuno. “Weye, unakandika nyumba ya kuvunjwa? Una wazimu?” Mama hakugeuka. “Wavunje, ni kazi yao. Lakini mimi siwaachii pori. Pori ndilo tulilolikuta.” Mama Chantal akaondoka, nikadhani amekasirika. Kumbe alifuata ndoo. Kufikia jioni wanawake wa mtaa mzima walikuwa na tope hadi viwikoni, wanakandika nyumba zao, wanaimba, na sisi watoto tunawakanyagia udongo. Nilifurahi siku ile kuliko sikukuu yoyote, na wale waliotutangazia niliwachukia kwa moyo wangu wote. Sijatubu mpaka leo. Lori lilipokuja kutuchukua, kuta zilikuwa bado mbichi.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Leo nauguza wazee hapa Sydney, nakanyaga kapeti, na maji ya moto yanatoka bombani. Sina unafiki wa kuyalaumu. Ila nikitaka kupigilia msumari mmoja ukutani, lazima nimwombe ruhusa wakala wa nyumba, mimi niliyekanyaga udongo wa kuta za mtaa mzima. Juzi binti yangu aliitafuta Visikini kwenye ramani ya simu. “Mum, there's nothing there,” akaniambia. “Hakuna kitu, ni miti tu.” Alisema taratibu, kama anayetoa pole msibani, na pole hiyo ndiyo iliyonichoma. Mkataa kwao ni mtumwa, nami sikuwa tayari mwanangu akatae kwao kwa sababu ya picha ya setilaiti. Nikavuta kiti, nikaketi karibu naye, nikamwambia aikuze.

“Tazama vizuri,” nikasema. “Hiyo miti imeota sebuleni kwa bibi yako.”