Swali Ambalo Mashine Haikuulizwa

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa tai na kubeba diploma ndani ya bahasha ngumu. Ada yake niliilipa mwenyewe Dar es Salaam kwa kutengeneza baiskeli za watu. Sikuwa na mjomba ofisini. Nilirudi bondeni kwetu nikiwa wa kwanza katika ukoo wetu kuandika programu ya kompyuta, na wa pili sijamsikia hadi leo. Kazi yenyewe ilikuwa upande wa Kidatu, kwenye kampuni ndogo iliyopima miwa ya wakulima wa nje, wale wenye mashamba yao waliokiuzia kiwanda cha sukari. Kampuni hiyo ilishafungwa zamani.

Meneja wa Mizani hakuifungua bahasha yangu. Alinitazama kuanzia viatu hadi tai.

"Hiyo diploma inajua kupiga magoti, bwana mdogo? Waya uko chini ya meza."

"Inajua, mzee."

"Basi iteremshe."

Niliingia chini ya meza, na kabla ya saa sita mashine ilikuwa inawaka. Tangu siku hiyo waliniita Mtaalamu, wengine kwa heshima, wengine kwa kunicheka. Nililipokea jina kwa maana zote mbili.

Vijana wa leo hawajui tulivyofanya kazi. Programu yetu iliandikwa kwa BASIC, lugha ambayo kila mstari una namba yake. Kosa likitokea, BASIC ilikupa namba ya kosa na namba ya mstari, basi. Lakini namba moja ilifunika balaa nyingi. Chini ya BASIC ulikuwepo mfumo endeshi, DOS, na huo ulijua zaidi: kosa lenyewe ni lipi, ni la aina gani, limetokea sehemu gani, na hata ushauri wa la kufanya. Kuyapata hayo kulikuwa na amri moja, EXTERR, ambayo niliichimbua mwenyewe kwenye kitabu cha maelekezo. Kuanzia Mikumi hadi Mlimba sikumjua mwingine aliyeitumia. Sharti lake lilikuwa kuuliza papo hapo, kabla hujaigusa disketi tena, kwa sababu kosa jipya hufuta habari za lile la kwanza. Na ukizima mashine, umefuta yote.

Programu tuliyoirithi haikuuliza chochote. Kila shida ya kusoma au kuandika ilipotokea, ilitoa maneno mawili tu kwenye kioo cha kompyuta: DISKETI MBOVU. Na sheria ya ofisi ilikuwa kwamba aliyeibeba disketi ndiye anayeijibia.

Aliyeibeba alikuwa Skolastika, karani wa mizani, binti wa kijiji cha Mchombe. Kila mchana aliileta ofisini kwa baiskeli, ikiwa na hesabu za miwa iliyopimwa, ndani ya kibakuli cha plastiki chenye mfuniko, ameifunga kwenye kitambaa kama maandazi ya mgonjwa. Baba yake alikuwa mnyapara wa wakata miwa, na ndiye aliyemwombea kazi. Maneno yale yalipotokea mara ya kwanza, Skolastika alionywa. Ya pili, alionywa mbele ya baba yake.

Nilikwenda kwa Meneja kumwomba niongeze mistari ya kuuliza.

"Msimu umeanza," alisema. "Programu inayotembea haiguswi. Subiri kiwanda kifungwe mwisho wa msimu."

"Mzee, huyu dada anaweza kuwa hana kosa."

"Mashine imesema disketi. Wewe unabishana na mashine? Si ndiyo uliyosomea?"

Maneno yale yalipotokea mara ya tatu, nilikuwa kwenye mizani ya malori. Mtu alikuja kuniita. Nilikimbia hadi tai ikageukia mgongoni, maana nilitaka kuandika EXTERR kwa mkono wangu kabla mtu hajaigusa mashine. Nilipoingia, Meneja alikuwa amesimama kando ya kompyuta, kioo kimekuwa cheusi.

"Nimeizima," alisema. "Ipumzike."

Skolastika alikuwa ukutani, kibakuli mkononi. "Kaka Mtaalamu, si ulisema huwa inajua? Iulize basi."

"Imeshasahau," nikamwambia.

Jioni hiyo alifukuzwa kazi, akarudi kwao. Baba yake, kwa aibu, alimaliza msimu bila kula na wenzake, kisha naye akaacha kazi.

Kiwanda kilipofungwa mwisho wa msimu, niliongeza mistari yangu. Msimu uliofuata disketi ilibebwa na karani mwingine, na kosa lilelile likatokea. Safari hii programu iliuliza kwanza. Jibu lilikuwa wazi: aina ya kosa, hitilafu ya mtambo, wala si ya disketi. Mkono wa kusomea ndani ya kompyuta yetu ulikuwa unashindwa kufika mahali pake. Nilimwonyesha Meneja. Alisoma, akavua miwani. "Agiza kifaa kipya," alisema. Nikataja jina la Skolastika. Akaniambia mambo ya msimu uliopita yaachwe na msimu uliopita.

Baada ya hapo nilihamishiwa Morogoro, kisha Dodoma, nikawa Mkuu wa Kitengo, nikawa na watu chini yangu wenye shahada. Nimestaafu, nimejenga Ifakara nyumba ya vigae. Kazi yangu naijivunia yote, isipokuwa kwamba jibu lile lilinipita kwa dakika chache, na aliyelihitaji hakulipata.

Mwaka huu nilipanda gari la Mlimba, nikashuka Mchombe. Skolastika sasa ni bibi mwenye mashamba ya mpunga. Nilimweleza kila kitu, aina za makosa na mkono wa kusomea. Alisikiliza huku akipeta mchele.

"Mimi nilijua sikuharibu," alisema. "Ila baba alikufa anaamini niliharibu. Twende ukamwambie."

Alinipeleka nyuma ya nyumba, akamwaga maji kidogo kwenye kaburi la baba yake kama wanavyofanya kwao, akanisukuma mbele. Nimehutubia wakurugenzi bila karatasi, lakini pale maneno yote ya diploma yalinikimbia.

"Shikamoo, mzee," nilisema. "Mashine ndiyo iliyokuwa mbovu. Binti yako hakuharibu kitu."

Skolastika alinigusa kiwiko. "Rudia kwa sauti, kaka. Masikio yake yalikuwa mazito."

Nikarudia.