Nilivyomwonea wivu babu wa miaka themanini na kitu kisa mabondia bora wa Uingereza

Wakuu, poleni na majukumu. Washkaji wangu wa hapa Sydney sijawaambia hili, wangenicheka mpaka Pasaka. Nyie hamnijui sura, chekeni tu. Sijaongeza chumvi.

Wa siku nyingi humu mnajua kila Desemba naweka uzi wa mabondia watano bora wa Uingereza.

Majina sitaji, mwaka jana mashabiki walitukanana mpaka mods wakafunga uzi. Tuseme namba moja wangu ni Greda, yule mzito mwenye mkono wa kulia wa kulaza watu. Namba nne ni Fundi, mwembamba, mtu wa jab na miguu.

Sasa, pambano la Jumamosi usiku Uingereza, huku ni Jumapili asubuhi. Nilikuwa naangalia peke yangu nyumbani Toongabbie kabla ya ibada, maana mke wangu hapendi ngumi. Nikiwasha tu TV, anahamia jikoni. Ndoa nzima iko hivyo.

Yeye ni Mkenya, anafanya kazi kwenye nyumba ya wazee kule Campbelltown. Mwaka huu akapangiwa shift za Jumapili asubuhi.

Siku moja tunakula, nikamwonyesha orodha yangu.

"Greda number one? Huyo ikifika round ya saba anapumulia mdomo. Fundi ndiye wa kwanza, hata Mzee anakubali."

Mzee gani tena?

Kumbe kuna mzee wa Kiingereza anayemhudumia, na kila Jumapili wanafuatilia ngumi pamoja.

Wakuu, ugali niliuacha hapo hapo.

Tangu hapo ikawa Mzee hivi, Mzee vile. Anaosha vyombo anacheka peke yake, ukimuuliza, ni kitu alisema Mzee. Mimi niliyembembeleza akae hata round mbili nikanyimwa! Wivu ulinishika vibaya, nikafikia kupekua simu ya mke wangu natafuta picha ya babu wa watu.

(Wanaume wenzangu, kama hujawahi kushindana na mtu anayetembelea kiti cha magurudumu, usinihukumu.)

Jumapili ya pambano la mwisho la Fundi mwaka huu, treni hazikuwepo, trackwork, matengenezo ya reli, kama kawaida yao. Nikampeleka kazini kwa gari, nikazuga naondoka. Ibada niliiruka. Muda wa pambano ulipofika nikarudi, nikajiandikisha mapokezi kama mgeni, nikaelekezwa sebuleni. Nilikuwa nimepanga hoja zote za kumtetea Greda.

Nikasimama mlangoni.

Mke wangu alikuwa anakunja taulo, macho kwenye TV, mdomo haupumziki. "Jab. Jab again. Now he's stepping left. The other bloke's dropping his right hand."

Mzee alikuwa ameinamisha kichwa, uso umeelekea dirishani. Haoni, wakuu. Macho yalishakwenda. Kila ngumi ya mwaka huu aliiona kwa mdomo wa mke wangu.

Kwa hiyo ile orodha ya Fundi namba moja iliyonikosesha raha haikuwa ya Mzee. Ilikuwa ya mke wangu.

Aliponiona akanitambulisha. Mzee akanyoosha mkono, upande nisiokuwepo, nikauzungukia nikaushika.

"The husband," akasema. "She says you talk through every round."

Eti naongea kila round, mwanzo mwisho. Mke wangu akaendelea kukunja taulo.

Jioni nikiwa namrudisha, nikamuuliza kwa nini hakai na mimi. Alijibu bila hasira, na ndiyo maana jibu liliniuma.

"Wewe unanifundisha. Mzee huniuliza naona nini."

Juzi alikuwa off. Nikaweka pambano la zamani la Greda, nikamwomba akae, nikafunga mdomo. Round ya saba nikamuuliza, "Unaona nini?"

"Angalia mdomo wake."

Nikaangalia. Uko wazi kabisa, anahema. Pambano hilo nimelirudia mara nyingi sana, sijawahi kuona.

Funzo langu ni hilo, wakuu. Mwenzako ukimuuliza, atakaa.

Wivu haujaisha, sidanganyi. Jumapili bado ni za Mzee, mimi nabaki na mahubiri.

Mwaka huu namba moja ni Fundi, na orodha ni ya mke wangu. Mashabiki wa Greda karibuni mbishe, ila kwa adabu. Anasoma comments.