Nyimbo za Ukungu na Jani la Isale

Kidude chenyewe kilitoka mlimani. Kaka yangu alikuwa mpagazi wa watalii, na mgeni mmoja aliyeishiwa pumzi njiani, akateremshwa kwa machela, alimpa kama bakshishi: chombo kidogo cha kuchezea muziki, hakina kioo, kina vitufe vitatu tu. Kaka alisikiliza nyimbo mbili akanirushia.

"Chukua wewe, mdogo wangu. Hawa watu wanaimba kama wana homa."

Majina ya waimbaji sikuyajua na mpaka leo siyajui. Magitaa yanavuma yote kwa pamoja kama mvua kwenye bati, na nyuma yake kuna mtu anaimba taratibu, kama anayeongea chumba cha pili na hataki umsikie. Kiingereza changu ni cha shule ya kata, nilidaka neno mojamoja: nyumbani, dirisha, jana. Yalinitosha. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, na ndiyo mara ya kwanza kumsikia mtu akiwa na huzuni bila kufiwa. Huku kwetu huzuni ina sababu, au basi unaambiwa kalime.

Mimi ni mtoto wa mwisho. Kwa Wachagga hilo si jina la kudekezwa tu, ni kazi. Wakubwa huondoka wakajenge kwingine. Wa mwisho hubaki na nyumba ya wazazi na kihamba chake, yaani migomba, kahawa, ng'ombe na makaburi. Baba naye alikuwa wa mwisho kwao. Alibaki, akaoa hapo, akamzika mama hapo. Ndugu zangu wote wako mijini, na kila Desemba wanapanda na magari yao, wanakula machalari, ndizi zetu za kupikwa na nyama, wanapiga picha, halafu wananigonga bega: "Una bahati wewe, unaamka unauona mlima." Mlima wenyewe nusu ya mwaka hauonekani. Ninachokiona mimi nikiamka ni matako ya ng'ombe.

Kwa hiyo nilisikiliza nikikata majani. Mwezi wa saba ukungu unashuka mpaka kwenye migomba, huoni hatua kumi mbele, na sauti ile ya chumba cha pili ilikuwa kama inatoka humo humo. Kuna asubuhi nililia. Jitu zima limeinama na panga, linadondosha machozi kwenye chakula cha ng'ombe. Nilitaka kuondoka mpaka kifua kikauma.

Siku mbili kwa wiki nilishuka mjini, mtaa wa Pasua, kwa bwana mmoja mwenye studio ndogo ya kurekodi kwaya. Nilianza kwa kufagia na kukunja nyaya, mwishowe akaniachia nichanganye sauti. Ndipo nikaharibu. Akina mama wa usharika wetu walirekodi wimbo wa msiba, nami nikauzamisha: mwangwi mwingi, gitaa nikalivuta mpaka likavuma, sauti zao nikazisukuma nyuma kabisa. Nilijiona nimefika. Mwalimu wa kwaya alisikiliza hadi mwisho, akavua miwani.

"Kijana, gitaa nimelisikia. Neno la Mungu liko wapi?"

Nikairudia kazi yote. Lakini bwana wa studio aliitunza ile ya kwanza, na alipoamua kuhamia Dar es Salaam akaniita pembeni. "Twende wote," alisema. "Masikio kama hayo hayakai na ng'ombe. Hapa utaozea."

Nilimwambia baba wakati anakamua. Hakuinua kichwa.

"Nenda," alisema. "Na ukisikia nimekufa, usije. Atanizika yeyote atakayekuwepo, hata mbwa."

Baba hakuwahi kunisemesha vile. Nilikasirika, na ndani ya hasira, niseme ukweli, nilifurahi. Mtu akishakufukuza, unaondoka bila kuangalia nyuma. Nikafungasha nguo zangu na kidude, nikangoja basi la Jumatatu.

Jumatatu asubuhi nafungua mlango, namkuta baba uani, amevaa koti lake la kanisani. Mkononi ameshika jani la isale.

Isale ni mmea tunaoupanda kwenye mipaka ya vihamba, na jani lake ndilo la kuombea msamaha. Ukimkosea mtu unampelekea, naye hana ruhusa ya kukataa hata kama umemchomea nyumba. Anayekataa isale anajitafutia laana. Lakini ni mdogo anayempelekea mkubwa. Tangu nizaliwe sijasikia baba akimpelekea mtoto.

"Shikamoo," nilisema.

"Marahaba. Nilikosa kusema vile." Akaninyooshea jani.

Hakusema nibaki. Angesema, ningemjibu, majibu nilikuwa nayo tele. Sasa isale utalipokeaje na begi mgongoni? Nililitua begi, nikalipokea kwa mikono miwili kama inavyopasa. Basi likaondoka bila mimi. Kwa miezi nilikuwa na hasira naye, na sikuwa na pa kuisemea hasira hiyo, kwa sababu nilishasamehe.

Hiyo ni miaka sita sasa. Kidude bado kinashika chaji ukikibembeleza. Mwezi uliopita nilikuwa nimeketi nje ya banda nikisikiliza, baba akaja na kigoda chake, akaketi, akanyoosha mkono. Nikampa spika moja ya sikioni. Nilingoja acheke, au aniulize neno la Mungu liko wapi. Alisikiliza wimbo wote, macho kwenye migomba, kiganja kimeziba sikio la pili. Ulipokwisha akanirudishia.

"Huyu," aliuliza, "naye ni wa mwisho kwao?"