Bakuli Langu Peke Yangu

Nilikuwa na magamba. Mekundu chini, meupe juu, kwenye viwiko, magotini na kichwani. Ukikwangua yanabanduka kama ukoko. Ukubwani daktari akaniambia ni soriasi na haimwambukizi mtu. Asante sana, daktari, lakini mwaka ule tulipohamia kijiji cha ujamaa kule Iramba ulikuwa wapi?

Siku za shamba la kijiji akina mama walipika pamoja, na sisi watoto tukala bakuli moja, kundi zima, ugali wa uwele na mlenda. Mlenda hauna adabu: unavutika mpaka kidevuni, unamdondokea mwenzako, mnasukumana, mnacheka mpaka mnapaliwa. Siku moja mama mpishi akaviona viwiko vyangu. "Huyu atatumalizia watoto!" Nikapewa bakuli langu peke yangu, kule kando ya kihenge cha nafaka.

Bibi alinipaka samli, haikusaidia. Akanipaka asali, nzi wakanipenda kuliko watu.

Msinionee huruma haraka. Siku ya kuku wenzangu waligombania shingo, mimi nimetulia na paja zima kama mwenyekiti wa kijiji. Walinikodolea macho, na mimi nikawa natafuna polepole makusudi. Lakini kula bila kusukumwa, jamani, hakunogi. Nilitamani hata mtu anipige kiwiko tu.

Basi siku nyingine ya kuku, binti wa jirani, mlafi asiye na mfano, akaja jikoni anachechemea. Achechemee kwa nini, wakati hata mimi mwenye magamba sikuchechemea? Alikuwa amejipaka unga wa uwele kwa mate, kuanzia kiwiko hadi bega.

"Shikamoo, mama," akamwambia mpishi kwa sauti ya mtu anayekata roho. "Na mimi yamenitoka."

Mpishi akaruka nyuma. "Si nilisema mimi! Nenda kule kwa mwenzio!"

Akaja mbio, kuchechemea kumekwisha. Akaketi, akanisukuma, akanyakua paja. Unga ukawa unapukutikia kwenye mlenda.

"We! Hilo langu!"

"Letu," akasema, mdomo umejaa.

Machozi yakanitoka, sikuweza kuyazuia. Mpishi akapaza sauti kutoka jikoni: "Vipi huko, yanauma?"

"Yanauma sana, mama," nikajibu. "Sisi wagonjwa msitutenganishe."