Kigari cha Siku Tisini

Harufu ya dawa ya nondo hunirudisha Kagongwa, kwenye sanduku la bati la bibi mzaa baba. Nilikuwa na miaka tisa alipoletwa kwetu kutoka Masumbwe, amekonda, miguu imevimba, amekwisha kuamua kwamba mavuno hayatamkuta. Wiki ile ile akagawa mali zake. Shangazi alipata sufuria kubwa, Mama akapata jembe jipya, nami niliyerithi jina lake nikapewa kitenge cha njano chenye ndege. Nilikivaa kwenda kisimani, kikiburuza vumbi, nikajiona mke wa mtu.

Baba alikuwa fundi wa mashine ya kukoboa mpunga. Jioni moja alirudi na pumba kwenye nyusi, akatueleza alichosikia redioni: Wamarekani wamepeleka kigari kwenye sayari ya Mirihi. Hakina dereva, kinakula jua, kinapiga picha za mawe. Kimeundwa kifanye kazi siku tisini tu, kisha vumbi litakifunika kife.

Bibi, ambaye siku hizo hakuuliza hata habari za mvua, aliinua kichwa mkekani. Akataka kujua kama kigari chenyewe kimeambiwa kuhusu hizo siku tisini. Baba akasema hakijaambiwa.

"Basi kesho niulizie kimeamkaje."

Ikawa desturi. Kabla Baba hajanawa mikono, Bibi alishadai habari za mgonjwa mwenzake. Leo kimeshuka shimoni. Leo gurudumu limezama mchangani, kikajinasua. Leo upepo umekipangusa mgongo. Habari ikiwa nzuri, Bibi alimaliza uji wote. Mimi nilihesabu siku kwa mistari ya mkaa ukutani, nyuma ya jiko.

Mstari wa tisini ulipotimia, tulikaa kama waliofiwa. Baba alichelewa. Aliposimama mlangoni Bibi hakuuliza, alimtazama tu.

"Kinatembea," Baba akasema. "Mhola duhu, Mayu. Salama tu, mama."

Bibi alicheka mpaka akakohoa. Asubuhi akaniita, akanyoosha mkono. "Mjukuu wangu, lete kitenge changu. Nakwenda gulioni."

Nililia. Mama alirudisha jembe akificha kicheko, na Shangazi akaja kutoka Isaka na sufuria kichwani, akinung'unika njia nzima. Mavuno yale Bibi alipepeta mpunga pamoja nasi, na mengine matano baada yake.

Sasa nafundisha sayansi Geita. Mwaka juzi nilisoma kwamba kigari kile kilidumu karibu miaka kumi na tano, nikampigia Baba simu kumweleza. Katika mazungumzo nikamuuliza ni redio gani ile iliyokuwa ikikitangaza kila siku. Akakiri kwamba redio ilikitaja mara tatu au nne tu. Habari nyingine alizitunga akiwa juu ya baiskeli, akitoka mashineni.

"Na siku ya tisini?"

"Siku hiyo sikuwa na habari yoyote. Nilizunguka barabarani nikiogopa kuingia nyumbani."

Baba ni mtu wa maneno machache. Utotoni nilimwonea wivu jirani yetu, ambaye baba yake alimsimulia hadithi za sungura na fisi kila jioni, na wangu hakunisimulia hata moja. Kumbe alisimulia, tena miezi mitatu mfululizo. Hadithi ilikuwa ya mama yake, nasi wengine tulikuwa tukidokoa.