Kuchimba Maji Katika Dunia Isiyo na Mtu

Wasomaji, naomba mnisamehe makosa ya herufi na mwandiko unaopanda na kushuka. Niliishia darasa la nane, na mkono wangu huenda polepole kuliko mawazo.

Kakangu ni kinyozi hapa Mumbuni. Kwenye kibanda chake kuna kompyuta ya zamani ambayo wateja huitazama wakingoja zamu. Ndani yake ana mchezo wa kusafiri angani. Dunia za mchezo huo hazikuchorwa na mtu. Kompyuta huziunda kwa hesabu unapozikaribia, milima, mabonde, hata rangi ya mawingu. Msafiri wa kaka, yaani mtu anayemwongoza ndani ya mchezo, alikuwa ameishi miezi minane na kugundua dunia nyingi. Lakini msafiri akifa, kila kitu hufutika.

Siku moja kaka alienda Tala kutafuta mashine ya kunyolea. Akaniambia, "Niangalizie msafiri wangu. Usimtoe kwa chombo chake cha angani."

Nilimtoa. Niliona bonde zuri nikataka kutembea humo kidogo tu. Nilipogeuka, ukungu mwekundu ulikuwa umefunika chombo, na maji ya kunywa ya msafiri yalikuwa yamebaki robo.

"Wewe, rudi!" alisema mwendesha boda boda aliyekuwa akingoja kunyolewa. "Kakako atakunyoa bila mashine!"

Niliendelea kukazia skrini macho. Mimi huogopa kuongea watu wakinitazama. Mbele yangu niliona mto mkavu wa mchanga, umejipinda kama wa kwetu. Wakati wa kiangazi sisi huchimba pale unapojipinda, na maji huja. Nikaenda pale pale, nikatoa kifaa cha kuchimba.

"Aki huyu anachimba kisima huko juu!" Yule wa boda boda akacheka. "Ngoja nikuletee punda na mitungi."

Shimo likamfika msafiri magotini, kiunoni, kifuani. Nyumbani mchanga hubadilika rangi kabla ya maji kutokea. Huu ulibaki mweupe. Bado ningeweza kukimbia kutafuta chombo. Niliendelea kuchimba. Hata yule wa boda boda akaacha kucheka, akasogeza kiti karibu.

"Chimba, kijana," akasema kwa sauti ya chini. "Chimba."

Maji ya msafiri yakaisha, akafa, na skrini ikawa nyeusi.

Kaka alirudi saa kumi. Nilimweleza yote nikiangalia sakafu. Alikaa kwenye kiti cha wateja, mashine mpya ikiwa bado mfukoni.

"Ulichimba hadi wapi?"

"Kifuani."

"Mahali mto unapinda?"

"Ndiyo."

"Na hukuona hata unyevu?"

"Hata kidogo."

Alichukua ufagio akaanza kufagia nywele, ingawa nilikuwa nimeshafagia. Tangu siku hiyo hajaufungua mchezo, nami sijathubutu kumuuliza.

Kama kati yenu kuna aliyechimba mchanga wa dunia hizo akapata maji, tafadhali aniandikie alichimba kina gani. Nitampa kaka barua aisome mwenyewe.